Malta mpaka Montpellier: safari ya kumfuata Hompesch, mkuu aliyemkabidhi Napoleon kisiwa

Nimesharudi Köln, nguo zimefuliwa, likizo imeisha, sasa ndo nakaa na kidaftari changu na picha za kwenye simu naunga hii simulizi. Wengi mliniuliza Malta kuna nini zaidi ya bichi. Mimi nilienda kwa ajili ya marehemu mmoja, Ferdinand von Hompesch, Mjerumani aliyezaliwa 1744 huko Bolheim, kijiji ambacho leo kipo ndani ya Zülpich, si mbali na hapa ninapokaa. Huyu ndo alikuwa Mkuu wa mwisho kutawala Malta wa lile shirika la Mtakatifu Yohane, watawa-askari waliotokana na Vita vya Msalaba. Walianza na hospitali Yerusalemu, wakafukuzwa, wakakaa Rhodes mpaka Waturuki walipowatoa 1522, kisha 1530 mfalme Karolo wa Tano akawapa Malta kwa kodi ya mwewe mmoja kwa mwaka. Wakakaa hapo miaka 268. Halafu Juni 1798 Napoleon akapita akielekea Misri na kisiwa kikaenda ndani ya siku chache tu. Mke wangu alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba nisimhubirie kuhusu Mjerumani wangu wakati wa kula. Sharti lilidumu mpaka chai ya kwanza.

Jumamosi 7 Juni, Köln – Malta

Tulichagua wikiendi ya Pentekoste kwa sababu Jumatatu yake Ujerumani ni sikukuu, unaokoa siku moja ya likizo. Kumbe na Malta tarehe 7 Juni ni sikukuu ya taifa, wanakumbuka watu wanne waliouawa na askari wa Kiingereza mwaka 1919, kwa hiyo tulipofika maduka mengi yamefungwa. Ndege ilichelewa sana, tumekaa getini na mikate ya bei ya kuruka, na hakuna aliyetuambia sababu. Tukatua Luqa usiku.

Basi la kwenda mjini ni yuro 2.50 (hesabu kama shilingi elfu saba na nusu hivi za Tanzania), unamlipa dereva au unagusisha kadi ya benki, na tiketi inakubebesha saa mbili hata ukibadilisha basi. Chumba tulipanga Hamrun, yuro 48 kwa usiku, maana Sliema na St Julian's bei zao ni za watu wengine. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alikuwa amekesha akitusubiri, kaacha mkate, nyanya na jibini mezani na hakutaka hata senti ya ziada.

Kwa wanaokuja kutoka nyumbani: plagi za Malta ni zile zile za pini tatu bapa, na magari yanapita kushoto. Mwingereza alitawala hapo mpaka 1964. Chaja ya Dar inaingia moja kwa moja, ya Ujerumani ndo inakuhangaisha.

Jumapili 8 Juni, Marsaxlokk

Jumapili usiende kanisa kuu la Valletta kama mtalii, siku hiyo ni ibada tu. Sisi tukaenda Marsaxlokk, kusini, kwenye soko la samaki. Watu ni wengi mno, fika kabla ya saa tatu asubuhi. Boti zimepakwa rangi za bluu, njano na nyekundu, na mbele zimechorwa macho. Pweza wapo, dagaa wapo, na mke wangu mtoto wa Tanga akasimama kwenye meza moja akaanza kumkosoa muuzaji jinsi anavyokata samaki, yule jamaa akacheka akampa kisu ajaribu. Tukaondoka na kilo ya samaki kwa bei ambayo mimi nisingeipata hata kwa kulia.

Ghuba hii ni moja ya sehemu nne walizoshukia Wafaransa tarehe 10 Juni 1798. Kaskazini walishuka upande wa ghuba ya St Paul, katikati St Julian's, huku Marsaxlokk akashuka jenerali Desaix, na wengine wakaenda kisiwa cha pili, Gozo. Ngome ya hapa ghubani ni miongoni mwa chache zilizojaribu kupigana. Ukisimama pale unaiona, imekaa juu ya kijirasi kama bado inasubiri amri kutoka Valletta.

Jumatatu 9 Juni, Valletta

Tarehe ile ile. Tarehe 9 Juni 1798 meli za Wafaransa zilijaa mbele ya bandari hii, mamia kwa mamia, na Napoleon akatuma ombi la "kirafiki" kabisa: tunaomba kuingia kuchota maji. Hompesch na baraza lake wakajibu kwa kufuata sheria yao ya kutopendelea upande wowote, meli nne nne kwa zamu. Hebu fikiria, mtu kaja na meli mamia unamwambia aingie nne nne! Jibu lenyewe halikuwa na kosa kisheria, ila Napoleon alikuwa anatafuta kisingizio tu, na kesho yake akashusha askari.

Tulipanda bustani ya Upper Barrakka kabla ya saa sita mchana, pale chini wanapiga mzinga wa saluti. Kuangalia kutokea bustanini ni bure. Kutoka chini bandarini kuna lifti, kupanda unalipa yuro 1. Jua lilikuwa kali kupita kiasi, kofia na maji ni lazima, na maji nunua supamaketi maana kwenye vibanda vya watalii wanakunyonya.

Ukiwa pale juu ndo unaona ugumu wa hii kesi. Kuta, aisee. Kuta juu ya kuta, mahandaki yamechongwa kwenye mwamba, ng'ambo Birgu na Senglea nako kuta. Hizi za Valletta ndo zilijengwa baada ya mzingiro wa 1565 walipomzuia Mturuki, wakaziongeza kwa zaidi ya miaka mia mbili. Caffarelli, injinia wa jeshi la Napoleon, jamaa mwenye mguu wa mti, alipoingia na kuzikagua alisema tuna bahati kulikuwa na watu ndani wa kutufungulia milango. Mimi nilikuja na nia ya kumtetea Hompesch, lakini pale juu utetezi ukaanza kulegea.

Mke wangu akauliza swali la maana kuliko vitabu vyote nilivyobeba: "Sasa na kuta zote hizi, watu walikuwa wapi?"

Ndo hapo. Mashujaa wenyewe, yaani wale watawa-askari, walikuwa 332 tu, kati yao kama 50 ni wazee au wagonjwa. Katika hao 332 Wafaransa walikuwa karibu 200, yaani wengi wao walitakiwa wapigane na nchi yao. Na wengine hawakutaka kabisa, yule mtunza hazina Bosredon de Ransijat alimwandikia Hompesch kwamba nadhiri yake ni kupigana na Waturuki si Wakristo wenzake, akawekwa ndani. Hela nayo hakuna, mapinduzi ya Ufaransa yalitaifisha mali zote za shirika kule mwaka 1792, na ndiko kulikokuwa kunatoka sehemu kubwa ya mapato. Hompesch alichaguliwa Julai 1797, hajamaliza hata mwaka. Alirithi kampuni iliyofilisika yenye jengo zuri.

Na Wamalta wenyewe je? Hao hawakuruhusiwa kuwa mashujaa wa shirika. Walikuwa watawaliwa kwenye kisiwa chao, wanalipa kodi, wanabeba bunduki wakiambiwa. Vita ilipoanza uvumi wa usaliti ukazagaa, wakawa wanawashuku Wafaransa wa ndani kuliko wa nje. Wakubwa wa mji wakaenda wenyewe kumwambia Mkuu omba suluhu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 mkataba ukasainiwa ndani ya meli ya Napoleon, L'Orient.

Mchana tukaingia kanisa kuu la Mt. Yohane, yuro 15, inauma lakini lipa. Sakafu nzima ni mawe ya makaburi ya mashujaa, marumaru za rangi, mafuvu, malaika, mapanga. Na kule ndani kuna mchoro wa Caravaggio wa 1608, Yohane Mbatizaji anakatwa kichwa, mkubwa mno, nikakaa mbele yake mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Wakuu wengi wamezikwa humo. Rohan, aliyemtangulia Hompesch, yumo. Hompesch hayumo.

Chakula: pastizzi mbili na Kinnie. Pastizzi ni binamu wa sambusa, ndani jibini au njegere zilizopondwa, bei chini ya yuro moja, zinakuchafua mafuta mpaka kiwiko. Kinnie ni soda yao ya machungwa machungu, mke wangu kaionja mara moja akanirudishia.

Jioni tulipita mtaa wa Merchants kuona Palazzo Parisio, alikolala Napoleon. Alikaa kisiwani siku chache tu lakini aliandika amri kama mtu anayeogopa kusahau: nembo za mashujaa zing'olewe, shule zibadilishwe, fedha za makanisa na vyombo vya hospitali vikusanywe viyeyushwe. Na tarehe 16 Juni akafuta utumwa. Maana hawa watawa wetu, pamoja na hospitali yao maarufu, walikuwa na gereza la watumwa hapo hapo Valletta, mateka Waislamu waliokamatwa baharini, wanapiga makasia kwenye meli zao. Mwaka 1749 watumwa hao walipanga kuasi, siri ikavuja, wakauawa vibaya mno. Mke wangu akasema kwa hiyo mwizi wa vijiko vya fedha ndo kafungua minyororo. Nikamwambia ndiyo, na 1802 akaurudisha utumwa kwenye makoloni ya Ufaransa. Akanyamaza kidogo halafu akasema basi wote wale wale.

Jumanne 10 Juni, Gozo

Basi kutoka Valletta mpaka Ċirkewwa lilichukua zaidi ya saa moja na nusu, foleni ya Malta msiidharau, na nusu ya njia nimesimama kwapani kwa mtu. Feri ni kama dakika 25. Nauli unalipa wakati wa kurudi tu, yuro 4.65, kwenda unapanda hivi hivi. Kuna na boti ya haraka kutoka Valletta moja kwa moja, ghali kidogo ila inakuokolea lile basi.

Tukaenda Ramla, bichi ya mchanga mwekundu upande wa kaskazini. Jenerali Reynier alishusha watu wake jirani na hapa, wakapanda kile kilima kuelekea Nadur huku wanarushiwa mawe na risasi kutoka juu, na kabla siku haijaisha Gozo imekwenda. Nilitaka kupanda kwa njia hiyo hiyo. Mke wangu akasema yeye hana ugomvi na mtu yeyote kule juu, akabaki majini.

Mlima ule ni mfupi ukiutazama na mrefu ukiupanda. Nusu ya njia maji yakaisha. Kuna baba mmoja alikuwa anapalilia matikiti, akaniita kwa mkono, akanikalisha kivulini, akanipasulia tikiti zima. Nilipomwambia nimekuja kwa ajili ya 1798 akafurahi kweli, akaanza kunielezea Saverio Cassar, padri aliyeongoza Gozo baada ya Wafaransa wa kisiwa hicho kusalimu amri Oktoba ule ule, wakajitawala karibu peke yao mpaka 1801. Kuhusu Hompesch alisema kwa kifupi tu, "Sisi hakutuuliza." Kulipa alikataa, akaniongezea na limao mbili za mke.

Basi la mwisho la kurudi bandarini lilijaa likatupita, la pili likatupita, la tatu dereva, kijana wa Nepal, akafungua mlango wa nyuma akatuambia jibaneni. Mungu ambariki.

Jumatano 11 Juni, Mdina na Siġġiewi

Mdina ni mji mkuu wa zamani, kuta za rangi ya asali, magari machache, paka wengi. Huu ulijisalimisha tarehe 10 hata kabla ya Valletta. Lakini ndo hapa hapa tarehe 2 Septemba 1798 Wafaransa walikuja kunadi mali za kanisa la Wakarmeli, watu wakachoka, kengele zikapigwa, kamanda wa Kifaransa aliyeitwa Masson akauawa, na ndani ya siku chache kisiwa kizima cha vijijini kimeasi. Miezi mitatu haijatimia tangu mkataba! Kanisa lenyewe la Wakarmeli lipo, ukiingia lango kuu nyoosha na mtaa mkuu.

Na sasa sikilizeni, maana hii ndo iliyonikaa kichwani safari nzima. Jenerali Vaubois na askari wake wa Kifaransa kama 4,000 wakajifungia ndani ya zile kuta za Valletta. Nje Wamalta, baharini Waingereza. Wakala punda, wakala panya. Wakashikilia mpaka Septemba 1800, miaka miwili! Kuta zile zile alizozitoa Hompesch ndani ya siku tatu. Kwa hiyo mtu asiniambie zilikuwa mbovu au Valletta ilikuwa haishikiki. Kilichokosekana ni watu wa ndani wanaokubaliana kufa kwa ajili ya kitu kimoja, na hicho Hompesch hakuwa nacho hata angekuwa simba. Ila na yeye simba hakuwa.

Siġġiewi tulipita kwa chakula tu. Mji huu uliitwa Città Ferdinand kwa jina lake, aliupandisha hadhi 1797. Tulikula sungura, yuro 18 sahani, anatosha wawili.

Alhamisi 12 Juni, Żabbar na Birgu

Siku ya mkataba. Żabbar ndo ilipewa jina la ukoo wake, Città Hompesch, nayo 1797. Watu wa hapo wakaamua kumjengea lango la heshima, na lango likakamilika 1801, wakati mwenyewe keshaondoka miaka mitatu. Leo lipo katikati ya barabara ukitokea Fgura, yaani kama kipilefti, magari yanalizunguka kushoto na kulia. Kupiga picha ni kujitoa mhanga, simama upande wa maduka, vuka kwenye zebra tu.

Nikiwa navizia picha mzee mmoja akatoka dukani kwake na kiti. Kiti kabisa! Akakiweka kivulini akasema kaa kijana, foleni ya saa nne inapungua saa nne na nusu. Akaleta na kahawa. Nikamuuliza kwanini lango halikubadilishwa jina baada ya yote yale. Akasema Hompesch alikuwa mtu mpole, anasemekana alijua Kimalta kuliko wakuu wengine wote, aliwatembelea, aliwapa hadhi ya mji. "Kupoteza nchi ni kazi ya wakubwa," akasema, "sisi alitupa jina." Saa nne na nusu foleni ikapungua kweli.

Kanisa la hapo nalo lipigwe jicho, kuba lake lilipigwa mizinga na Wafaransa wakati wa mzingiro.

Birgu tukavuka kwa dgħajsa, mtumbwi wa abiria, yuro 2 kila mtu. Ngome ya St Angelo ni yuro 10. Sehemu ya juu ya ngome huingii hivi hivi, ni ya shirika, wamekodishwa na serikali ya Malta kwa mkataba wa 1998 wa miaka 99. Ndiyo, shirika bado lipo! Makao yao ni Roma, wana mabalozi, wana pasipoti, wanaendesha hospitali na misaada, ardhi ya kutawala ndo hawana. Mkataba wa amani wa Amiens wa 1802 ulisema warudishiwe kisiwa, Mwingereza akakalia, 1814 kikawa chake kabisa.

Kwenye bandari hii Hompesch aliondoka usiku, kati ya tarehe 17 na 18 Juni, na mashujaa wachache. Napoleon alimruhusu kubeba masalia matatu: mkono wa Yohane Mbatizaji, kipande cha Msalaba, na picha ya Bikira Maria wa Philermos. Lakini dhahabu na vito vilivyopamba vitu hivyo vilibaki kwa Wafaransa. Hazina iliyochukuliwa Malta ikapakiwa L'Orient, na tarehe 1 Agosti meli hiyo ikalipuka Abukiri, Misri, Nelson, amiri wa Waingereza, alipowavamia. Kwa hiyo, kama hazina bado ilikuwa ndani, hata mwizi hakula.

Ijumaa 13 Juni, kwenda Montpellier

Ndege mpaka Marseille, treni mpaka Montpellier, hakuna cha kusimulia ila mtoto aliyelala begani kwangu njia nzima na mama yake akatugawia biskuti.

Jumamosi 14 Juni, Montpellier

Tramu za hapa mtasoma ni bure. Ni bure kwa wakazi waliojiandikisha, wageni mnakata tiketi, na wakaguzi wapo, tumewaona wakiwashusha Waitalia wawili.

Kutoka Malta, Hompesch alikwenda Trieste. Akiwa kule mashujaa wa Urusi wakamchagua tsar Paulo wa Kwanza kuwa Mkuu mpya, mtu mwenye mke, tena Morthodoksi, Papa hakumkubali lakini nani angembishia tsar. Austria ilikuwa inamhitaji Mrusi dhidi ya Ufaransa, ikambana Hompesch, na Julai 1799 akajiuzulu. Baada ya hapo akabaki na karatasi moja tu mkononi, mkataba wa L'Orient. Ndani yake Ufaransa iliahidi kumtafutia jimbo la kutawala Ujerumani, na kwa wakati huo impe pensheni ya faranga 300,000 kwa mwaka. Jimbo hakupata. Pensheni akaifuata mwenyewe Ufaransa, akazungushwa, akapewa kidogo sana, akafa hapa Montpellier tarehe 12 Mei 1805, mgonjwa wa pumu na madeni juu. Alizikwa kanisa la Sainte-Eulalie.

Tulilikuta limefungwa. Mlangoni hakuna tangazo la saa, tukagonga wee. Dada wa mgahawa wa jirani akatutolea maji ya baridi bila kuagiza kitu, akapiga simu sehemu mbili kutuulizia, akarudi anatikisa kichwa, njooni kwenye misa. Treni yetu ya kurudi ilikuwa alfajiri ya Jumapili na tiketi haibadilishwi. Mke wangu akasema, "Mjerumani wako hata kufuatwa hafuatiki vizuri." Nikampiga picha mbele ya mlango, tukaagiza kahawa pale kwa yule dada, tukaacha na bakshishi.

Atakayekwenda, panga ulale Montpellier usiku wa Jumapili, siyo wa Jumamosi, na ukifanikiwa kuingia tafadhali nitumie picha. Kwa wote wawili, ndege, treni, vyumba na chakula tumetumia kama yuro 1,450, kubwa ikiwa ni ndege ya kwenda maana tuliikata kwa kuchelewa. Juni joto ni kali, mimi ningeenda Machi au Novemba, bei inashuka na Żabbar unapata kiti kivulini bila hata kukihitaji.